Mzigo wa Kuthibitisha: Faida ya Uraia Ikitazamwa Kutoka Manyovu

Mwulize mtu wa mjini faida ya kupata uraia wa nchi fulani, atakutajia pasipoti kabla hujamaliza swali. Ndivyo wanavyofikiri Wagoa wa Nairobi na Dar es Salaam waliodai uraia wa Ureno kwa kuwa wazazi au babu zao walizaliwa Goa enzi za Wareno. Ndivyo wanavyofikiri pia wajukuu wa wakimbizi wa Poland walioko London na Melbourne, wanaopekua makabati ya bibi zao wakitafuta karatasi itakayowapa uraia wa Poland, na pamoja nao ruhusa ya kuishi na kufanya kazi katika nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya. Siwalaumu. Lakini mimi naandika kutoka Manyovu, kwenye milima ya Buhigwe, ambako mtu hunywa chai upande wa Tanzania, akavuka kwenda Mugina upande wa Burundi na maharage yake, na akarudi kabla ya chakula cha jioni. Hapa pasipoti ni kitu cha mbali. Faida ya uraia tunayoijua sisi ni nyingine, na naamini ndiyo ya msingi hata kwa yule wa Melbourne: uraia wenye karatasi humwondolea mtu mzigo wa kuthibitisha na kumtwika yule anayemtilia shaka. Asiye na karatasi hiyo hubeba mzigo huo kila siku, sokoni, shuleni, barabarani, hata msibani.

Nieleze mzigo wenyewe. Tangu 2019 laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa Januari 2020. Mama wa kijijini asiye na namba hiyo hana laini kwa jina lake, na asiye na laini hana pa kupokelea fedha anazotumiwa na mwanawe aliye Mwanza. Hafungui akaunti benki. Mwanawe akifaulu kwenda chuo kikuu, mkopo wa Bodi ya Mikopo ni wa Watanzania tu, na kijana huyo atadaiwa vyeti vya kuzaliwa ambavyo nyumba nzima haina. Namba ya NIDA ndiyo mlango wa yote haya, na katika mikoa ya mpakani mlango huo una bawabu wake: Idara ya Uhamiaji humhoji mwombaji kabla jina lake halijapita. Mtu wa Dodoma huulizwa amezaliwa lini. Mtu wa Manyovu huulizwa babu yake alizikwa wapi.

Kazi yangu ni kuwasaidia watu kuandaa mafaili hayo, kwa hiyo maswali nimeyasikia. Mzee mmoja wa vijiji vya juu aliulizwa na kijana mwenye kalamu, kwa adabu kabisa, "Mzee, babu yako alizaliwa wapi?" Akajibu, "Heru." "Kijiji gani?" "Wakati huo hapakuwa na vijiji, mwanangu. Kulikuwa na milima." Kijana akaandika kwenye fomu: hajui. Mzee alikuwa na kopo la bati lililokuwa la majani ya chai, na ndani yake mlikuwa na kadi ya TANU iliyoliwa pembe na mende, stakabadhi za kodi, na cheti cha ubatizo chenye mhuri wa misheni. Hakuna aliyemwomba alifungue, naye hakujua kwamba lile kopo ndilo lililokuwa jibu lake.

Jibu la mzee lilikuwa sahihi kihistoria kuliko swali. Wakati wa Wajerumani, Buha na Urundi zilikuwa ndani ya koloni moja. Mpaka tunaoulinda leo ulipata uzito baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pale Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walipogawana nyara mwaka 1919, Waingereza wakabaki na Buha na Wabelgiji na Urundi. Himaya za Heru, Muhambwe na Buyungu ziliendelea kuwa na bami, yaani watawala wao wa jadi, chini ya Mwingereza; Mwami Theresa Ntare wa Heru alijulikana Tanganyika nzima miaka ya 1950. Chini yao watu walivuka kwa ndoa, kwa ng'ombe, kwa njaa na kwa kukimbia kazi za shuruti za Wabelgiji. Kiha na Kirundi vinasikilizana bila mkalimani, na majina ya watu ni yale yale. Kisha wakala wa mashamba ya mkonge, SILABU, akaja kuandikisha manamba kwenda Tanga na Morogoro, na Warundi wengi wakaandikishwa pamoja na Waha. Hapo tayari ukoo mmoja una kaburi Kasulu, kaburi Makamba na kaburi Korogwe.

Halafu ikaja Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, iliyowakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa. Mji wa babu ukawa mahame. Kaburi likabaki porini, likiwa na mti tu juu yake, na mti hauna jina. Baadaye wilaya zikamegwa: Buhigwe ikatoka Kasulu, Kakonko ikatoka Kibondo. Mtu ambaye hajawahi kuhama sasa ana cheti cha shule kinachosema Kasulu na barua ya mtendaji inayosema Buhigwe, na karani asiyejua habari hizo huona watu wawili. Wanaosema watu wa huku wana "utata" wa uraia wakumbuke kwamba utata huo uliandikwa ofisini. Watu wenyewe walikaa palepale.

Mwaka huohuo wa 1972, mauaji ya Burundi yaliwasukuma Wahutu kwa makumi ya maelfu kuvuka kuja kwetu. Serikali iliwapeleka wengi katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora na Katumba, na baadaye Mishamo, huko Mpanda. Wengine hawakupanda malori. Walibaki vijijini Kigoma, kwa shemeji na kwa marafiki, wakalima, wakaoza mabinti. Walipoandikishwa karibu miaka 40 baadaye, hao wa vijijini pekee walizidi 20,000.

Wa makazi walipewa chaguo mwaka 2007: kurudi kwao au kuomba uraia wa tajinisi. Takriban wanne kati ya watano walichagua uraia, na kufikia 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalikuwa yamekubaliwa. Hatua hiyo ilikuwa na ukubwa usio na mfano barani kwa wakati wake, ingawa kwetu haikuwa ngeni kabisa, maana mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere ilishawapa uraia maelfu ya Wanyarwanda. Lakini angalia kilichofuata, maana ndipo hoja yangu inapopimwa. Watu hao walitakiwa kuukana uraia wa Burundi, na waliukana. Kisha vyeti havikutoka. Vilifungwa na sharti la kuhama makazi na kutawanywa katika mikoa 16, mpango ambao mikoa yenyewe haikuupokea kwa shangwe. Kwa takriban miaka minne walikuwa raia katika orodha ya wizara, lakini mkononi hawakuwa na kitu. Si wakimbizi tena, si Warundi tena, na hawana cha kuonyesha kwamba ni Watanzania. Uchaguzi wa 2010 uliwapita. Waliogopa kujenga nyumba za matofali ya kuchoma kwa kuwa hawakujua kama watahamishwa. Vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014, sharti la kuhama likiwa limelegezwa, na uchaguzi wa 2015 ukawakuta na karatasi. Uamuzi ulikuwa uleule wa 2010. Kilichobadilika ni kwamba sasa polisi akiwasimamisha barabarani, kazi ya kueleza ilikuwa ya polisi.

Kutokana na kisa hicho faida zinaonekana moja moja, na ya kwanza ni ardhi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inamzuia asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa sababu chache kama uwekezaji, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, hakimiliki ya kimila ni ya raia. Mkulima aliyelima bonde lilelile tangu 1973 bila uraia hana hati. Jirani akisogeza mpaka wa shamba, haendi baraza la ardhi, kwa sababu anajua mdaiwa atasimama na neno moja tu: "Huyu ni Mrundi." Kesi ya mita tatu za mihogo hugeuka kesi ya kufukuzwa nchini. Nimeona watu wakiziacha mita hizo. Nimeona pia wajane wakifukuzwa na shemeji zao kwa neno hilohilo, kana kwamba huyo shemeji hakujua miaka yote kaka yake alioa wapi.

Faida ya pili ni kwenda na kurudi. Mkimbizi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998 hukaa mahali alipopangiwa. Wa Nyarugusu hutoka kambini kwa kibali. Raia huenda anakotaka bila kuuliza. Ya tatu ni sauti: kura, udiwani, nafasi katika halmashauri ya kijiji inayogawa ardhi ileile. Nyingine, kama ajira serikalini na mikopo ya masomo, ni kubwa, ila zote hufuata hizi tatu.

Sasa nije kwenye mambo yanayosemwa vibaya, na nianze na lile linalonikera zaidi kwa kuwa wanasheria nao hulisema: kwamba kuzaliwa Tanzania hakumpi mtu chochote mpaka mzazi mmoja awe raia. Fungua Sheria ya Uraia ya 1995, kifungu cha 5. Kinasema kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano ni raia tangu kuzaliwa kwake, kisha kinatoa mambo mawili tu ya kumwengua: mtoto ambaye wazazi wake wote si raia na baba yake ana kinga ya kibalozi, na mtoto wa adui aliyezaliwa mahali palipotekwa na adui. Sharti la mzazi raia halimo katika maneno hayo. Limo katika utendaji wa ofisi, uliojengeka miaka mingi hadi ukaonekana kuwa ndiyo sheria. Najua sababu zake. Nchi iliyopokea wakimbizi kwa mamia ya maelfu inaogopa kifungu hicho kisomwe kama kilivyoandikwa. Basi bunge likibadilishe, mchana kweupe, wabunge wa Kigoma wakiwapo. Kuacha sheria iseme hivi na dirisha liseme vile kunampa kila afisa mamlaka ambayo bunge halikumpa. Wakati huohuo namwonya msomaji wa Manyovu asiende Uhamiaji na kifungu cha 5 peke yake. Aende na karatasi za wazazi, kwa kuwa hizo ndizo zitakazoulizwa.

La pili ni imani kwamba kitambulisho cha NIDA ndicho uraia. NIDA husajili raia, wageni wakaazi na wakimbizi, kila kundi na kitambulisho chake. Hata cha raia kinaweza kuhojiwa. Kadi ya mpiga kura ni dhaifu zaidi, na cheti cha kuzaliwa kinasema umezaliwa wapi na nani, basi. Mtoto wa mkimbizi aliyezaliwa katika kambi ya Nduta naye hustahili cheti hicho. Hivi vyote ni ushahidi, na ushahidi hupata nguvu ukiwa mwingi na ukisema jambo moja. Ndiyo maana nawasihi watu wahakikishe jina limeandikwa herufi kwa herufi sawasawa kwenye kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba na namba ya NIDA. Mara nyingi faili hukwama kwa herufi moja tu, N iliyoachwa mbele ya jina na mwalimu wa darasa la kwanza mwaka 1986.

La tatu ni ndoa. Vijana huku husema ukioa au kuolewa Tanzania umemaliza. Sheria inampa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kuomba tajinisi kwa sababu ya ndoa hiyo, mume akiwa hai. Mwanamume aliyemwoa Mtanzania haipati njia hiyo. Atasubiri kama mgeni mwingine yeyote: miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka isiyopungua 7 katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, akijua Kiswahili au Kiingereza, mwenye mwenendo mwema, na anayekusudia kuendelea kuishi hapa. Kwa mpaka kama wetu, ambako mabinti wa Munanila na Manyovu huolewa na vijana wa ng'ambo ya mpaka kila mwaka, sheria hii inamwambia binti kwamba uraia wake ni mfupi kuliko wa kaka yake. Na kwa mke mgeni nasema hivi: ombeni mapema. Neno "mume akiwa hai" si la kupuuza katika milima hii ya malaria na bodaboda.

La nne, linalopendwa na wasomi wa Arusha: kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kuufanya uraia jambo la kizamani. Burundi iliingia Jumuiya mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika 2010. Ni kweli, kuvuka kumerahisika. Ila itifaki hiyohiyo imeacha umiliki wa ardhi chini ya sheria za kila nchi, na ardhi ndiyo maisha ya huku. Mwaka 2013, miaka mitatu baada ya itifaki, Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Geita na Kigoma. Maelfu ya watu waliondolewa kama wahamiaji haramu, wakiwamo walioishi hapa miongo kadhaa na wengine waliojitambua kuwa Watanzania na kitu kingine hawajawahi kuwa. Jumuiya haikumsaidia mtu aliyeulizwa maswali usiku akiwa na watoto mlangoni.

Lipo na la tano, kwamba raia wa tajinisi ni raia nusu. Kisheria tofauti ni chache lakini ni za kweli. Urais umetengewa raia wa kuzaliwa. Na wa tajinisi anaweza kunyang'anywa, kwa mfano akibainika alidanganya alipoomba, au kwa kutokuwa mwaminifu kwa Jamhuri. Hapo napenda kusema ukweli kuhusu gharama pia. Burundi inaruhusu uraia wa nchi mbili, Kenya inaruhusu tangu Katiba ya 2010, Uganda na Rwanda vilevile. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Aliyeukana uraia wa Burundi aliacha nyuma pia madai yake ya shamba la baba huko Makamba au Bururi, na siku akinyang'anywa wa Tanzania hana pa kuegemea. Ndiyo maana hata hao wa 1972 walikaa vikao virefu vya familia, ndugu mmoja akarudi na mwingine akabaki, kwa kupanga, ili ukoo usipoteze pande zote mbili. Wapolandi hawana shida hiyo. Nchi yao haimkatazi raia kuwa na uraia mwingine.

Nimewataja Wapolandi tena kwa sababu. Kuanzia 1942 Tengeru, karibu na Arusha, palikuwa na kambi ya Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliopelekwa uhamishoni Urusi kisha wakatoka kupitia Iran. Mwaka 1945 Uingereza na Marekani zilipoitambua serikali mpya ya Warsaw, serikali ya Poland iliyokuwa London, ambayo kambi zilikuwa chini ya kivuli chake, ikabaki bila kutambuliwa na wakubwa hao. Wengi hawakutaka kurudi kwenye nchi iliyoshikwa na wakomunisti, wakatawanyika Uingereza, Kanada na Australia. Wachache walibaki na kuzikwa Tengeru, na makaburi yao yanatunzwa hadi leo, majina yakisomeka. Uraia wa Poland hufuata damu, kwa hiyo mjukuu wa mmoja wao anaweza leo kuomba uthibitisho kwamba alizaliwa Mpolandi. Damu anayo, lakini haimtoshi: lazima aonyeshe daftari la kambi, kitabu cha jeshi cha babu, hati ya ndoa. Wenye karatasi hupita na wasio nazo hubaki na hadithi. Kwa hiyo mzee wa Heru na kijana wa Melbourne wanaulizwa swali moja. Tofauti ni kwamba kambi ya Tengeru iliandika majina, na Operesheni Kigoma ilihamisha watu.

Kuhusu karatasi kuhamisha mzigo, sijatunga mimi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilisema hivyo Machi 2018 katika shauri la Anudo dhidi ya Tanzania. Mlalamikaji alikuwa na pasipoti ya Tanzania na nyaraka nyingine alizopewa na serikali. Alipokwenda polisi kuhusu taratibu za ndoa yake, pasipoti ikashikwa, na hatimaye akafukuzwa kwenda Kenya. Kenya nayo ikamwona haramu, akaishia kwenye ukanda wa mpaka wa Sirari usio wa nchi yoyote. Mahakama ilisema kwa kuwa dola yenyewe ilikuwa imempa nyaraka na kumtambua, ni dola inayopaswa kuthibitisha kwamba yeye si raia. Ikaagiza pia sheria irekebishwe ili mtu apate pa kukata rufaa, maana kifungu cha 23 cha Sheria ya Uraia kinasema waziri halazimiki kutoa sababu na uamuzi wake hauendi mahakamani. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kupeleka mashauri yao moja kwa moja katika mahakama hiyo. Mlango ule umefungwa, lakini hoja iliyosemwa ndani yake ni nzuri, na wakili yeyote wa Kigoma anaweza kuibeba.

Dawa ya kwanza, basi, ni kifungu cha 23 kuondoka. Atakayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, na awe na pa kukata rufaa. Halafu mwanamume aliyemwoa raia apewe njia ileile ya mwanamke. Hayo ni ya bunge. Yapo ya ofisini yasiyohitaji bunge: fomu ya mahojiano ikubali "mahame" kuwa jibu, na afisa afundishwe kuuliza kuna nini kwenye kopo la bati. Vitabu vya ubatizo na vya ndoa vya misheni, Kikatoliki, Kianglikana na vya Wasabato wa Heri, ndiyo kumbukumbu za uzazi za zamani zaidi tulizonazo huku, kuliko za serikali. Vipigwe picha kabla mchwa hawajavimaliza, na vikubaliwe rasmi kama ushahidi. Halmashauri ya Buhigwe ina simu za kutosha kuanza kazi hiyo kesho.

Kwa wale wa 1972 waliobaki vijijini, kuwahoji mmoja mmoja ni kupoteza miaka. Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha njia nyingine. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, waliishi miongo mingi bila vitambulisho. Hawakuweza kumiliki ardhi wala kujiandikisha kwa jina lao katika huduma za fedha za simu. Oktoba 2016 waliandamana kwa miguu kuelekea Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akaamuru waandikishwe kwa pamoja kufikia Desemba mwaka huohuo. Washona walifuata mwaka 2020, na Wapemba wa Kilifi na Kwale mwaka 2023. Kundi zima liliamuliwa kwa siku ya mwisho iliyotajwa hadharani. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania ana orodha ya watu wa vijiji vya Kigoma tangu walipoandikishwa. Asiwaanzishie mahojiano mapya kana kwamba hawajawahi kuonekana. Atangaze tarehe, na cheti kitoke siku ileile uamuzi unapotoka, kwa sababu tumeshaona 2010 hadi 2014 uamuzi bila cheti ulivyokuwa.

Na watu wenyewe wasikae kungoja. Mpango wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kwa watoto wa chini ya miaka 5 unatoa cheti cha kuzaliwa bila malipo katika ofisi za kata na vituo vya afya. Mama aende na kadi ya kliniki na tangazo la kizazi, ahakikishe jina la baba limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Asome kabla ya kuondoka dirishani, au ampe mtu amsomee, kwa kuwa kusahihisha baadaye kuna ada na safari. Akirudi nyumbani apige picha cheti hicho kwa simu, amtumie ndugu mmoja wa mbali, kisha asilia akiweke mahali pamoja na cheti cha ubatizo cha bibi wa mtoto.